Seva Zilivyojifunza Kusubiri

Chukua ukurasa wa tovuti wenye kilobaiti 50, uupitishe kwenye modemu ya kilobiti 28.8 kwa sekunde, kifaa walichokuwa nacho watu wengi wa intaneti katikati ya miaka ya 1990. Utachukua takriban sekunde 14 kufika wote. Upande wa pili, seva iliyoutoa ukurasa huo imekwisha kuusoma kutoka kwenye diski na kuuandaa katika sehemu ndogo tu ya sekunde ya kwanza. Muda wote uliobaki imeshika muunganisho, inangoja waya wa simu umeze kipande kimoja ndipo itume kingine. Haina kazi, na wala haiko huru.

Historia ya seva husimuliwa mara nyingi kama mbio: vichakato vya kasi zaidi, nyaya za kasi zaidi, kumbukumbu kubwa zaidi. Mimi nimeifuatilia kwa miaka mingi, na wanaonivutia ni watu waliotazama zile sekunde 14 wakauliza kungoja huko kunagharimu nini, na nani analipa.

Wa kwanza wao hakuwahi kuiona kompyuta. Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark, aliajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen mwaka 1908. Zama hizo simu ziliunganishwa kwa mkono: mhudumu aliketi mbele ya ubao wenye matundu, akamsikiliza mpigaji, akachomeka waya kumfikisha kwa aliyemtaka. Kampuni ilitaka kujua inahitaji nyaya ngapi na wahudumu wangapi ili wapigaji wasikwame. Simu hazina ratiba. Zinakuja tano kwa pamoja, kisha kimya, kisha tatu. Katika makala yake ya mwaka 1909 Erlang alionyesha kwamba vurugu hiyo ina kanuni ya kihisabati, na kazi zake zilizofuata ndizo zilizozaa elimu nzima ya foleni.

Moja ya hesabu za elimu hiyo ni nyepesi mno, na ndiyo itakayotuongoza hadi mwisho. Idadi ya mazungumzo yanayoendelea kwa wakati mmoja ni wastani wa simu zinazoingia kila sekunde, mara muda ambao kila simu inachukua. Irudishe hesabu hiyo kwenye ukurasa wetu. Wakija wasomaji 700 kila sekunde na kila mmoja akakaa sekunde 14, seva itakuwa na wasomaji 9,800 mikononi kwa wakati mmoja. Wasomaji haohao 700, kila mmoja akimaliza kwa sehemu ya kumi ya sekunde, ni 70 tu. Kazi ni ileile, kurasa ni zilezile. Kilichobadilika ni muda wa kukaa.

Waliotengeneza misingi ya seva za leo hawakuwa na sababu ya kuiogopa hesabu hiyo. Agosti 1983 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa toleo la Unix liitwalo 4.2BSD, na ndani yake soketi, yaani mlango ambao programu hupitia kuingia mtandaoni. Hadi leo milango hiyo iko vilevile kwa sehemu kubwa. Seva ya Unix iliandikwa kwa namna ambayo mwanafunzi yeyote angeielewa: programu inakaa mlangoni, mgeni akibisha hodi inazaa mtoto, nakala yake kamili, mtoto anamhudumia mgeni huyo peke yake tangu salamu hadi kwaheri, kisha anakufa. Mzazi tayari amerudi mlangoni. Maneno mzazi na mtoto si yangu. Ndiyo yanayotumika katika Unix yenyewe.

Napenda kuutetea mpango huo, kwa sababu waliokuja baadaye waliusema vibaya kupita kiasi. Mtoto mmoja akikosea akaanguka, wenzake hawadhuriki. Msimbo wake unasomeka kutoka juu kwenda chini kama hadithi: soma ombi, tafuta faili, tuma, funga. Pale ambapo wageni walikuwa makumi kadhaa, tena wengi wao kwenye mtandao wa chuo uleule, hapakuwa na sababu ya kutafuta kingine.

Kisha ukaja wavuti. Mwishoni mwa mwaka 1990 Tim Berners-Lee aliwasha seva ya kwanza katika maabara ya CERN, karibu na Geneva, juu ya kompyuta moja ya NeXT iliyobandikwa karatasi ya kuwaonya watu wasiizime. Mwaka 1993, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Rob McCool akaandika seva iliyosambaa kuliko zote za wakati huo. Alipoondoka chuoni mwaka 1994, watumiaji wake wakabaki na programu isiyo na mwenyewe, kila mmoja akiishonea viraka vyake. Brian Behlendorf na wenzake wakavikusanya viraka hivyo, na Aprili 1995 wakatoa Apache. Mwaka mmoja baadaye ndiyo iliyokuwa seva inayoongoza kwa matumizi duniani.

Apache ilirithi mpango wa mzazi na watoto, ikaurekebisha kidogo: watoto walizaliwa mapema wakawekwa tayari, ili mgeni asingoje uzazi. Kila mtoto bado alimshika mgeni mmoja. Katika toleo la 1.3 la mwaka 1998, kwenye Unix, ukomo uliowekwa ndani ya msimbo wenyewe ulikuwa watoto 256. Aliyetaka zaidi ilimbidi afungue msimbo, abadilishe namba, na kuijenga programu upya. Sasa rudi kwenye wasomaji wetu wa modemu. Watoto 256, kila mmoja akishikiliwa sekunde 14, wanaweza kupokea wageni 18 tu kwa sekunde. Wa 19 anasimama nje, ilhali ndani kichakato kimelala.

Kuongeza watoto kulikuwa na mwisho wake. Tuseme kila mmoja anachukua megabaiti 2 za kumbukumbu, makadirio ya upole. Watoto 10,000 wanahitaji gigabaiti 20. Seva nzuri ya mwaka 1999 ilikuwa na 1 au 2. Wengine walijaribu nyuzi, ambazo ni njia ya kuendesha kazi nyingi ndani ya programu moja bila kuinakili yote, lakini kila uzi ulitengewa rundo lake la kumbukumbu, na kompyuta za biti 32 hazikuweza kuhesabu anwani zaidi ya gigabaiti 4. Kulikuwa pia na ugumu wa akili. Mwaka 1996 John Ousterhout, aliyeunda lugha ya Tcl, alisimama mbele ya mkutano wa USENIX, chama cha wataalamu wa mifumo ya kompyuta, akatoa hotuba iliyodai kwamba nyuzi ni wazo baya kwa kazi nyingi: zinagombania data moja, zinafungiana njia, na makosa yake hayarudi ukiyatafuta.

Njia nyingine ilikuwepo muda wote, ndani ya 4.2BSD ileile. Iliitwa select. Programu moja ingeshika miunganisho mingi, kisha iuulize mfumo endeshi: kati ya hii yote, ni upi ulio tayari? Ungetajiwa mitatu, ungeihudumia kidogokidogo, kisha ungeuliza tena. Hakuna watoto wala nyuzi.

Fikiria mwalimu anayeita mahudhurio. Darasa la wanafunzi 30 halimsumbui. Darasa la 10,000, akitaka kujua nani ana swali, inambidi aite majina yote 10,000, asikie watatu wakiitika, awajibu, kisha aanze tena na jina la kwanza. Na select ilikuwa na adha ya ziada: orodha ilichanwa kila baada ya matumizi. Kila mara programu iliiandika upya na kumkabidhi mwalimu, naye akaipitia yote hata kama darasa zima limekaa kimya. Katika mifumo mingi orodha hiyo ilikuwa na nafasi 1,024 tu. Ndugu yake wa baadaye, poll, aliondoa ukomo wa nafasi lakini mahudhurio yakabaki. Gharama ilifuata idadi ya waliongoja, hata kama wenye haja walikuwa wachache.

Huo ndio ugonjwa wenyewe, na mwaka 1999 ukapata majina. Gaurav Banga, Jeffrey Mogul na Peter Druschel walipeleka USENIX makala iliyopendekeza kwamba mfumo endeshi ukumbuke wenyewe nani anafuatiliwa na nani ameamka. Katika mkutano huohuo Vivek Pai, Druschel na Willy Zwaenepoel wa Chuo Kikuu cha Rice walionyesha seva yao, Flash, iliyogusa kidonda kingine. Mhudumu mmoja anayewatazama wote ana hatari moja kubwa: siku akienda ghalani kuleta kitu, yaani akisoma faili ambalo halimo kwenye kumbukumbu, wageni wote wanasimama. Flash iliwapa wasaidizi safari za ghalani, mhudumu mkuu akabaki mlangoni.

Dan Kegel naye, mwaka huohuo, akaandika makala iliyoweka hesabu mezani. Kwa dola 1,200 hivi, alisema katika toleo la baadaye la makala hiyo, unaweza kununua kompyuta ya megahezi 1,000 yenye gigabaiti 2 za kumbukumbu na kadi ya mtandao ya megabiti 1,000 kwa sekunde. Gawanya kwa wateja 20,000: kila mmoja anapata kilohezi 50, kilobaiti 100 na kilobiti 50 kwa sekunde. Hicho ni kiasi cha kutosha kabisa kuchukua kilobaiti 4 diskini na kuzituma kila sekunde. Mashine inaweza, kwa nini basi programu zinashindwa? Akaliita tatizo la C10K, wateja elfu kumi. Haikuwa ndoto. Hifadhi ya mafaili ya cdrom.com, iliyotumia mfumo wa FreeBSD, ilikuwa imeshawahudumia watu 10,000 kwa wakati mmoja.

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi. Windows NT ilikuwa na dawa yake tangu 1994, ila waliokuwa wakijenga wavuti kwa programu huria hawakuwa huko. Julai 2000 FreeBSD 4.1 ikatoka na kqueue, kazi ya Jonathan Lemon. Mwaka 2002 Davide Libenzi akaingiza epoll kwenye tawi la majaribio la Linux, na Desemba 2003 ikawafikia watu wote katika Linux 2.6. Zote mbili zinafanya jambo moja ambalo mwalimu yeyote angelitaka: kila mwanafunzi anaandikishwa mara moja siku ya kwanza, mwenye swali ananyoosha mkono, na mwalimu anasoma karatasi ya walionyoosha tu. Wakiwa watatu kati ya 10,000, kazi ni ya watatu.

Chombo kilikuwa tayari. Mtu wa kukitumia hadi mwisho alikuwa msimamizi wa mifumo jijini Moscow.

Igor Sysoev alizaliwa Almaty mwaka 1970, akasoma Chuo Kikuu cha Ufundi cha Bauman, na mwaka 2000 akaajiriwa na Rambler, mojawapo ya tovuti kubwa za Urusi. Kila siku aliziona Apache zake zikijaa watoto walioshika miunganisho ya watu wa mwendo wa pole. Kwanza aliandika nyongeza ya kuisaidia Apache. Mwaka 2002 akaanza seva mpya kabisa, na akaitoa hadharani tarehe 4 Oktoba 2004, siku ya kumbukumbu ya kurushwa kwa Sputnik. Aliiita nginx.

Ndani yake hakuna anasa. Mzazi mmoja anasimamia wafanyakazi wachache, kwa kawaida mmoja kwa kila kiini cha kichakato. Kila mfanyakazi ana mzunguko mmoja: pokea karatasi ya walionyoosha mikono, gusa kila mmoja kwa muda mfupi kadiri inavyowezekana, rudi. Hasubiri mtu. Ombi lililokatika katikati linawekwa kando kama daftari lililo wazi kwenye mstari fulani, na daftari hilo ni dogo ajabu. Kwa maelezo ya watengenezaji wenyewe, miunganisho 10,000 iliyo wazi bila shughuli inachukua takriban megabaiti 2.5. Mpango wa mtoto kwa kila mgeni ungetaka gigabaiti 20 kwa hesabu yetu ya juu. Ninapofundisha vijana huwa naandika namba hizo mbili ubaoni, naziacha hapo.

Busara kubwa zaidi ya Sysoev, kwa maoni yangu, ilikuwa kutoiondoa Apache. Aliiweka nginx mbele yake. Apache ilitoa jibu zima kwa mpigo mmoja, nginx ikalimeza, mtoto wa Apache akawa huru papo hapo, kisha nginx ikamlisha msomaji wa mwendo wa pole kijiko kwa kijiko. Sekunde 14 zikawa zilezile kwa msomaji. Aliyezibeba ndiye aliyebadilika.

Hapa historia hii inatugusa sisi. Kabla ya Julai 2009, nyaya za chini ya bahari za SEACOM zilipowashwa Tanzania, Kenya na kwingineko pwani yetu, sehemu kubwa ya intaneti ya Afrika Mashariki ilipita angani, kwenye setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kupanda, kushuka na jibu kurudi njia hiyohiyo huchukua takriban nusu sekunde, hata kabla ya kipande kimoja cha ukurasa kusomwa. Mkahawa wa intaneti uligawana kiunganishi kimoja chembamba kati ya kompyuta kumi au ishirini. Waliokaa humo wanakumbuka picha ikishuka mstari kwa mstari. Wachache walijua kwamba wakati wanangoja, mahali fulani Ulaya au Marekani mtoto mmoja wa Apache alikuwa ameshikwa na wao, na kwamba msomaji wa Mwanza, kwa hesabu ya Erlang, aliweza kuwa mzigo wa wasomaji kumi wa Chicago bila kusoma zaidi yao. Seva ambayo ingeweza kumngoja bila gharama ilikuwa ni haki yake pia.

Upole huo uligeuzwa silaha. Juni 2009 Robert Hansen alitoa programu iliyofungua miunganisho mia kadhaa na kutuma ombi kwa kudondosha, kipande kidogo kila baada ya muda, bila kulimaliza kamwe. Aliipa jina la Slowloris, mnyama wa Asia aendaye polepole, ndugu wa mbali wa komba wetu. Kompyuta moja ya kawaida iliweza kuinyamazisha Apache. Wiki hizohizo ilitumiwa dhidi ya tovuti za serikali ya Iran, baada ya uchaguzi uliozozaniwa. Kwa nginx shambulio hilo lilikuwa madaftari mia kadhaa tu yaliyo wazi.

Mwaka 2019 kampuni ya F5 ya Marekani iliinunua kampuni ya nginx kwa dola milioni 670. Desemba mwaka huohuo polisi walipekua ofisi yake ya Moscow, kufuatia dai la Rambler kwamba msimbo uliandikwa na mwajiriwa wao na hivyo ni mali yao. Sysoev alihojiwa, kesi ya jinai ikafungwa baadaye. Januari 2022 aliondoka katika mradi alioulea kwa miaka 20.

Wakati watu wa Unix wakihangaika na mahudhurio, jijini Stockholm watu wa simu walikuwa wamelitazama jambo hili kwa macho mengine. Mwaka 1986, katika maabara ya Ericsson, Joe Armstrong alianza lugha ya kompyuta kwa ajili ya mitambo ya kuunganisha simu, na Robert Virding na Mike Williams wakajiunga naye. Lugha ikaitwa Erlang, jina la yule mtu wa Copenhagen. Kwa mitambo ya simu, maelfu ya mazungumzo kwa pamoja yalikuwa hali ya kila siku tangu asubuhi ya kwanza, kwa hiyo waliitengeneza lugha ambayo kila mazungumzo yana mchakato wake mdogo, wa kilobaiti chache tu, usioshiriki kumbukumbu na mwingine. Wanazungumza kwa kutumiana ujumbe. Mmoja akifa, mwingine aliyewekwa kumlinda anamwasha upya. Ile faida ya mzazi na watoto iliyopendwa katika Unix ilirudi, bila uzito wake. Februari 1998 kitengo kimoja cha Ericsson kiliipiga marufuku katika bidhaa mpya. Desemba mwaka huohuo msimbo wake ukatolewa bure kwa dunia.

Mwaka 2009 Jan Koum na Brian Acton walianzisha WhatsApp, na kiini cha seva zake kikawa Erlang juu ya FreeBSD. Simu yenye WhatsApp haiombi ukurasa ikaondoka. Inafungua muunganisho na kuushikilia ili ujumbe ukija uingie papo hapo. Karibu muda wote haisemi neno. Ni sekunde 14 zilizorefushwa kuwa siku nzima. Mwaka 2011 wahandisi wake walifikisha miunganisho milioni 1 kwenye seva moja. Januari 2012 walivuka milioni 2, kwenye mashine yenye viini 24 na gigabaiti 96 za kumbukumbu. Igawe kumbukumbu hiyo: kila simu ilipata chini ya kilobaiti 50. Facebook ilipoinunua Februari 2014 kwa dola bilioni 19, kampuni ilikuwa na watumiaji milioni 450 na wahandisi 32 hivi. Makundi ya familia, ya michango ya harusi na ya vikoba yaliyojaa katika simu zetu miaka hiyo yalikaa juu ya msingi huo.

Kulibaki bughudha moja, na ni ya anayeandika msimbo. Programu ya mzunguko mmoja kama nginx inalazimu kila kazi ikatwe vipande kila inapobidi kungoja, na hadithi iliyosomeka kutoka juu kwenda chini inageuka vijikaratasi vilivyotawanyika. Node.js, aliyoionyesha Ryan Dahl jijini Berlin Novemba 2009, iliufanya mtindo huo upendwe na waandishi wa tovuti, na wengi wao wakazama katika vijikaratasi hivyo. Mjadala ulikuwa wa zamani. Berkeley, mwaka 2001, Matt Welsh, David Culler na Eric Brewer walitetea seva za matukio na foleni. Miaka miwili tu baadaye Brewer huyohuyo, pamoja na Rob von Behren na wenzake, waliandika kwamba matukio ndiyo wazo baya, wakaonyesha mfumo uliobeba nyuzi nyepesi 100,000. Namheshimu sana mtu anayeweza kutia jina lake kwenye pande zote mbili kwa sababu vipimo vimembadilisha.

Go, lugha iliyotangazwa na Google mwezi uleule wa Node, ilichagua nyuzi nyepesi tangu mwanzo. Java iliyafuata hayo Septemba 2023, katika toleo la 21. Mwandishi wa seva leo anaweza tena kumpa kila mgeni mhudumu wake, na kuandika kama walivyoandika Berkeley mwaka 1983: soma ombi, tafuta faili, tuma, funga. Anapofika kwenye neno soma na mgeni hajasema kitu, uzi wake unakunjwa na kuwekwa kando, na chini kabisa, kwenye Linux, epoll ya Libenzi inaandika jina la mgeni huyo mara moja, na kungoja anyooshe mkono.